Miguu ya Paskali

Mwankoko, Singida
2 Machi 1975

Dada yangu Martina,

Shikamoo. Huku tu wazima. Baba bado anakohoa asubuhi lakini shambani anakwenda. Mama anakusalimia wewe, shemeji Melkiori na mama mkwe wako.

Dada, tangu tulipotoka kijijini kwenu wiki mbili zilizopita sina raha. Uliondoka bila kuniaga, na mimi nilikuwa nimeshika daftari, sikuweza kukufuata. Nakuomba radhi. Mwenyekiti wenu alisema uzito wa watoto usomwe kwa sauti hapo nje ya shule, maana mpango wa lishe ni wa serikali na serikali haina siri. Sista Magdalena, muuguzi ninayemsaidia, alikuwa darasani anawapima wajawazito. Ilikuwa juu yangu kukataa. Unanijua, hata shuleni jibu nilikuwa nalo lakini mkono sinyooshi. Nikasoma. "Paskali Melkiori, mwaka mmoja na miezi mitatu, kilo saba na robo, chini ya mstari." Yule mama mwenye kilemba cha njano akasema, "Mtoto amebemendwa huyo, mizani ya nini?" Watu wakacheka.

Naona haya kuandika mambo haya kwa dada yangu, lakini nimemuuliza Sista. Anasema si kweli kwamba mtoto anayenyonya hukonda kwa sababu baba na mama yake hawakungoja aache ziwa. Paskali amekonda kwa njaa. Ulipopata mimba ulimwachisha ziwa kwa siku moja tu, na uji anaopewa ni maji ya mtama. Mpikie uji mzito, utie karanga zilizotwangwa, na yai au maziwa ukipata. Ale mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Na wewe mwenyewe ule, una mtu tumboni.

Tafadhali nijibu.

Mdogo wako,
Luciana


20 Machi 1975

Luciana,

Salamu nimezipata. Sisi hatujambo. Kuandika nimejifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo usitafute makosa.

Una miaka kumi na sita. Mtoto uliyewahi kumbeba mgongoni ni huyo huyo wangu. Leo unanifundisha uji? Unasema maziwa. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa ng'ombe wako mbali kwa baba mkwe, maziwa nitayakamua kwenye mlingoti wa bendera?

Nikifika kisimani wanawake wananyamaza. Shemeji yako alikwenda kilabuni mara moja tu, wakamuuliza, "Melkiori, ziwa la mtoto nalo umelionea wivu?" Akarudi hajanywa. Sasa hatusemeshani, kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyemwaibisha.

Mtoto simtoi tena. Namtunza ndani. Mama mkwe anampa dawa ya mizizi. Mwambie huyo Sista wako hivyo.

Dada yako,
Martina


Mwankoko
6 Aprili 1975

Dada Martina,

Shikamoo tena, hata kama umekasirika. Mama alipata mafua, amepona. Mvua huku imekuwa ya kusuasua, mtama umesimama lakini si wa kujivunia.

Umesema kweli kwamba sijalea. Ila nimefanya jambo moja, nataka ulijue. Juma lililopita tulikuwa na kikao na bwana afya na wenyeviti wa vijiji sita. Nilisimama. Nikasema tuwapime watoto ndani ya chumba, mama mmoja mmoja, na namba aambiwe mama mwenyewe tu. Mwenyekiti mmoja akauliza, "Binti, nani kakutuma?" Nikasema hakuna, nilisoma namba ya mtoto wa dada yangu kwa sauti na sasa dada yangu anamficha. Hakuna aliyecheka. Bwana afya akaandika kwenye karatasi yake, na tangu siku hiyo tunapima ndani.

Nakutumia pishi moja ya karanga kwa mkono wa kondakta wa basi. Ni za Paskali.

Mdogo wako,
Luciana


11 Mei 1975

Mdogo wangu Luciana,

Salamu nyingi kwenu. Sisi wazima kabisa na leo sina hasira, nina furaha.

Karanga zilifika. Mama mkwe alipoziona zilivyo kubwa akaziweka ndani ya kibuyu ziwe mbegu ya mwakani, anasema karanga kama hizo kuzitwanga ni dhambi. Lakini hatukuzihitaji. Paskali amenenepa! Mashavu yamekuwa mviringo, miguu imejaa mpaka vifundo havionekani. Ametulia sana. Halii usiku wala mchana, hasumbui kwa chakula, unapomweka ndipo unapomkuta. Nywele zimekuwa laini na nyekundu nyekundu kama za Mzungu, watu wanashangaa. Mama mkwe anasema dawa imekubali.

Mwezi wa saba mkija nitamleta, tena hapo nje. Huyo mwenye kilemba cha njano nataka awe mbele.

Dada yako,
Martina


Mwankoko
14 Mei 1975

Dada Martina,

Leo siulizi hali. Nisamehe.

Usingoje mwezi wa saba. Bonyeza mguu wa Paskali kwa kidole gumba, sehemu ya juu ya wayo, hesabu mpaka tano, kisha uondoe kidole. Mwili wa mtoto mnene hurudi mara moja. Kikibaki kishimo, hayo si mafuta, ni maji. Mtoto mwenye njaa ya muda mrefu hujaa maji, hupoteza hamu ya kula na kucheza, na nywele hubadilika rangi. Nimewaona wawili mwaka huu. Mmoja aliletwa akiwa amechelewa.

Msomee mama mkwe barua hii. Mwamkie kwanza kwa niaba yangu. Mwambie simlaumu, hata mizani ingetudanganya, maana maji yana uzito. Kikibaki kishimo mpelekeni hospitali ya misheni siku hiyo hiyo, kwa basi au kwa miguu. Kama mganga wa mizizi yuko njiani, mpiteni.

Mimi ruhusa nimepewa Jumamosi tu, lakini barua inatangulia. Kondakta alitaka kunitania kama kawaida yake. Nilimwambia mtoto anaumwa na nikamshika mkono wa shati mpaka alipokubali kukukabidhi wewe mwenyewe.

Mdogo wako,
Luciana


Mlangoni kwako
Jumamosi, 17 Mei 1975

Dada,

Nimefika saa nne, nimekuta mlango umefungwa. Jirani aliyetoka kunisemesha ni yule mwenye kilemba cha njano. Anasema mliondoka Alhamisi kwa haraka, hata mtama ulioanikwa hamkuanua, ameanua yeye. Nikamuuliza mmekwenda hospitali au kwa mganga. Akasema, "Sikuuliza, binti. Mama mkwe wake ndiye aliyembeba mtoto, na alikuwa hageuki nyuma." Halafu akasema amekuwa akikuona tangu siku ile ya mizani na hajui aanzeje kukusemesha. Nimemwambia hata mimi sikujua.

Basi la kurudi ni moja. Naiacha karatasi hii chini ya mlango. Ukiisoma niandikie hata neno moja.

Luciana


15 Juni 1975

Mdogo wangu Luciana,

Salamu kwa baba na mama. Paskali yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata umekaa.

Nilibonyeza, kishimo kikabaki. Mama mkwe akasema nimebonyeza vibaya. Akabonyeza yeye, mguu wa pili, kikabaki. Kisha akajifunga kitenge, akamchukua mtoto, akaniuliza, "Hospitali ya misheni ni njia gani?" Melkiori alitukimbilia mpaka barabarani na blanketi.

Tumekaa siku ishirini na sita. Walimpa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, hata alipoyakataa. Maji yalipotoka ndipo tukamwona alivyo, ngozi na mifupa, nami nikalia kwa ile barua niliyokuandikia. Siku ya kumi na mbili alimnyang'anya kijiko mtoto wa kitanda cha jirani na kukataa kukirudisha. Wauguzi walicheka, mimi sikumkanya.

Sasa anakula uji wa karanga. Kibuyu cha mbegu kimefunguliwa. Na mimi ninakula mayai mbele ya mama mkwe, yeye ndiye anayeyachemsha. Melkiori tunasemeshana.

Lakini sijaandika kwa hayo tu. Mama mkwe tangu arudi anaingia nyumba za watu, anaamkia, anaomba mtoto, anabonyeza miguu. Amekuta wanne wenye shida. Wawili sikujua kama wako duniani, mama zao wamewafungia ndani kwa hofu ya kusemwa kama nilivyosemwa mimi. Nilikaa nao, nikawaambia wangu hakubemendwa, alikuwa na njaa, na aliyeniambia ni mdogo wangu ambaye hajaolewa. Mmoja alicheka mpaka akalia. Wawili wenye kishimo wamekubali, kesho tunawapeleka hospitali. Wawili wengine wamekonda tu. Hao wanataka kupimwa, lakini si shuleni wala kwa mwenyekiti. Wanataka hapa nyumbani kwangu.

Njoo Jumamosi na mizani. Mtaingia chumbani wewe, mama mmoja na mtoto wake, basi. Mlangoni nitakaa mimi.

Dada yako,
Martina