Kitambaa cha Menahem

Ujerumani, 4 Machi 1996

Mdogo wangu Menahem,

Hujambo huko Haifa? Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila tangu jana damu inanichemka, na heri nikuandikie wewe kabla sijamtukana mtu.

Wamefungua makumbusho ya Wayahudi hapa mjini tulikozaliwa. Nikalipa kiingilio kama mgeni, nikaingia. Chumba cha tatu nikakuta kitambaa chako ndani ya kabati la kioo. Kile kile ulichofungwa siku ya tohara, Mama akakikata, akakishona kuwa utepe mrefu na kudarizi jina lako, Menahem mwana wa Yitzhak. Yule simba aliyemdarizi kando ya jina, anayefanana na paka, aliyemchekesha Baba, bado yupo.

Chini yake pana kadi: "Mtoto huyu aliangamia pamoja na familia yake yote. Zawadi ya familia ya Krause."

Baba na Mama, kweli. Lakini sisi? Halafu eti zawadi! Krause hao hao wa ghorofa ya chini, waliohamishia kwao vyombo vyetu siku wazazi walipochukuliwa kupelekwa kambini, kama majirani walivyonisimulia niliporudi. Nikamwambia mkuu wa makumbusho, Dokta Vogt, kwamba mtoto huyo ana miaka sitini na anagombana na kila dereva wa basi Haifa. Akatabasamu, akasema utafiti umekamilika na kitabu cha maonyesho kimeshachapwa.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Hannelore

Haifa, 19 Machi 1996

Dada Hannelore,

Natumaini umepoa. Goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimetamani kuvunja kitu. Nilipanda treni ya kuwatorosha watoto wa Kiyahudi nikiwa nimeshika sketi yako, nikafukuzwa katika nchi hiyo kabla sijajua kufunga viatu. Niliapa sitaikanyaga tena. Wewe ulirudi kwa ajili ya mume. Nilikununia miaka minane, tuyaache. Kama kuniweka kwenye kioo nikiwa maiti kunawapa usingizi, walale. Usiniandikie tena habari ya kitambaa.

Mdogo wako,
Menahem

Ujerumani, 30 Mei 1996

Menahem,

U mzima? Nimekaa kimya miezi miwili kwa sababu nilikukasirikia.

Nimerudi pale mara tano. Nimepeleka cheti chako cha kuzaliwa, picha, hata barua zako. Wanasema kitambaa hakitoki mpaka mwenyewe aje na pasipoti, waone yu hai. Krause hakuulizwa karatasi hata moja.

Mdogo wangu, kitambaa kile hakikushonwa kitazamwe. Ukitimiza miaka mitatu ulikuwa ukipeleke sinagogi kwa mikono yako, Baba akunyanyue, ufunge nacho gombo la Torati, kama ilivyo desturi yetu. Sinagogi lilichomwa wiki moja kabla. Mama alikuwa ameshakipiga pasi. Ulilia siku nzima ukiuliza zamu yako ni lini. Wewe umesahau. Mimi nilikuwa na miaka saba, sijasahau.

Dada yako,
Hannelore

Haifa, 20 Juni 1996

Dada,

Usiniulize afya, nina hasira tu.

Nafika Jumanne, tarehe 9 Julai. Jumatano mwambie Dokta Vogt afungue kioo chake. Pasipoti ninayo, na Kijerumani changu cha mtoto wa miaka mitatu kinatosha kugombana. Ile kadi wasiitupe. Waigeuze, waandike nyuma: "Mwenyewe amekuja kukichukua."

Alhamisi asubuhi Torati husomwa. Waambie wa sinagogi la sasa wanisubiri, nina kitu cha kuleta. Baba hayupo wa kuninyanyua, kwa hiyo wewe simama upande wa goti bovu, unishike.

Mdogo wako,
Menahem