Vikaratasi Viko Kabatini Mwangu

Leo ni Jumatano, tarehe 14 mwezi wa kumi, na nina miaka tisa na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na wala usinionee haya, maana nimefanya jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Mimi ni mfagizi katika chuo kikuu kimoja huku ugenini, shule niliishia darasa la saba, na nyumbani wanajua nafanya kazi "chuoni" basi, sikufafanua na wao hawakuuliza. Sasa mdogo wangu anayenifuata ameletwa chuo hikihiki, jengo hilihili ninalolipiga deki, kufundisha kozi fupi ya wiki tatu ya usimamizi wa miradi, yaani kazi ipi itangulie, ipi ifuate, nani anaishika na inakwisha lini, na watu wazima wanaandika kila anachosema. Siku ya kwanza tu kapewa kadi yenye picha, mlango mkubwa unamfungukia wenyewe, mimi miaka yote hii napitia nyuma kwenye mapipa. Sikumsomesha mimi, nisiseme uongo, alisoma kwa akili zake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana sina hata la kumlaumu.

Siku ya tatu alinikuta koridoni na ndoo, nikainama kama natafuta kitu, akapaza sauti, "Kaka! Unajificha wapi na urefu huo?" Akanikumbatia na aproni yangu mbichi, akawaambia wanafunzi, "Huyu ndiye alinifundisha kupanga kazi. Tukiosha vyombo, ole wako uguse sufuria kabla ya vikombe!" Wakacheka, wakanipa mikono. Alisema kwa mapenzi, najua, lakini mimi nilisikia nachekwa, na wivu ukanishika.

Wanafunzi wake walikuwa wamebandika ukutani vikaratasi vya njano, kila kimoja kina kazi moja ya kuhamisha maktaba ya chuo, walivipanga siku nne nzima, na mlangoni kuna tangazo, "Ukuta huu usiguswe." Jumatatu asubuhi kabla hawajaingia nikavibandua vyote, sitini na viwili, nikavitia mfukoni. Nilitaka nimwone amesimama mbele yao hana la kusema, hata nikaenda kufuta vioo kwa nje ili nione vizuri. Mshauri, aliutazama ukuta, akavua koti, akasema, "Haya, mradi umeharibika siku ya sita. Tunaanzia wapi?" Darasa zima likampigia makofi! Hata ubaya wangu ukawa somo lake.

Lakini chumba kile si zamu yangu, ni cha mama mmoja mtu mzima tunayemwita Shangazi, ndiye aliyenionyesha kazi nilipofika. Amesimamishwa kazi, wanadhani ndiye aliyevitupa, kikao chake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Jana alikuja kuchukua viatu vyake akaniuliza, "Mwanangu, au kweli ni mimi? Siku hizi nasahau." Nikamjibu, "Pumzika tu, Shangazi." Vikaratasi viko kabatini mwangu, chini ya soksi. Nikisema, nitafukuzwa mimi, tena mdogo wangu akiona. Je, nisubiri aondoke Jumamosi ya wiki ijayo? Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne, natarajia kurudi nyumbani wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, na ningependa nirudi na heshima yangu.

Mfagizi

JIBU

Umesema nisikuonee haya, basi kaa chini.

Kwa wivu wenyewe sikulaumu. Kumwona mdogo wako anafunguliwa mlango ambao wewe unafuta alama za vidole kila asubuhi, lazima kuume, na anayesema hakuumi huyo hana ndugu. Lakini ulitaka kumwangusha mmoja ukamwangusha mwingine, na huyo mwingine akaja kukuuliza kama kichwa chake kingali kizima, wewe ukamwambia apumzike! Hapo ndipo uliponikasirisha, baba. Kazi huenda akapata nyingine. Je, akishaamini kwamba akili imeanza kumtoroka, utamrudishia nini?

Unauliza usubiri mdogo wako aondoke Jumamosi. Alhamisi Shangazi atakuwa ameshafukuzwa, na wewe siku hizo unazijua kuliko mimi, kwa hiyo usinizungushe.

Si unajua kupanga vyombo? Panga na hili. Wa kwanza ni Shangazi. Nenda kwake leo, usipige simu, umwambie, "Hukusahau. Ni mimi." Usiongeze sababu mpaka akuulize. Ukitoka hapo nenda kwa msimamizi wenu na vikaratasi vyote mkononi, uandike ulichofanya, utie saini, wala usingoje kikao. Mdogo wako ni wa mwisho, ila asisikie kwa mtu mwingine, na ole wako umwombe akakutetee kwa wakubwa. Hiyo kadi yake isifungue mlango huu.

Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya, na huo mwezi wa tano ukaja kwako mapema. Ukifika nyumbani wakikuuliza chuoni ulikuwa unafanya nini, waambie ulikuwa unafagia. Sasa vaa viatu, Shangazi anakungoja bila kujua.