Cheti cha Mbwa wa Waziri

Mdogo wangu Kakule,

Nakuandikia mezani pangu hapa Bulengera, Butembo, kwenye meza ile ile uliyoinamia Jumapili ile ya mwisho. Sijui barua hii itakufikia wapi, kwa hiyo nitaandika kama nilivyozoea: taratibu, bila kuruka jambo.

Unamkumbuka mbwa wa baba kule Mbau? Alipoingia porini kuwinda alivaa kengele ya mti shingoni, nasi tulijua alipo kwa mlio wake. Alilala nje, karibu na jiko. Siku alipoanza kutoka povu na kuuma kuni, baba alimfungia uani, akachukua mkuki, akammaliza mwenyewe. Kisha aliketi chini akiwa ameishika ile kengele. Ulikuwa na miaka saba. Ulimwuliza, "Baba, unalia juu ya imbwa?" Akakujibu, "Nalia. Lakini kwanza batoto ya batu."

Nadhani siku hiyo ndiyo iliyokufanya mganga wa mifugo. Vita vilipokuja uliendelea kutibu ng'ombe wa Lubero na mbuzi wa Butembo, ukipiga muhuri wa serikali ambayo huku kwetu haikuwapo tena. Ulikuwa ukinichekesha, mimi kaka yako mkubwa: "Yaya, mbuzi haiulize nani anatawala."

Wakati huo Beni ilikuwa makao ya waasi, nao walikuwa na mawaziri wao. Mke wa waziri mmoja alikuwa na mbwa mkubwa mwenye manyoya marefu, jina lake Prince, aliyelala ndani na kulishwa nyama, huku walinzi wakila sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Prince alipougua, walituma gari la kijeshi kukuchukua. Siku ya tatu walikurudisha, ukaja kwangu na pikipiki yako, ukanikuta nimetoka misani.

"Yaya, ile imbwa iko na kichaa," ulisema kabla ya kuketi. "Imeuma mulinzi ku mukono. Madame anasema Prince anacheza tu."

"Na mlinzi mwenyewe?"

"Kijana ya province ya Équateur. Anacheka. Anasema, 'Docteur, imbwa ya waziri imenibusu, sasa nitapata grade.'"

Nami nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Ndipo ukaeleza walichokitaka. Watoto wa waziri walikuwa wanasafiri kwenda Kampala kwa ndege, na Prince alipaswa kwenda nao. Ilihitajika karatasi yenye muhuri wako, kwamba mbwa ni mzima. "Nikisaini, narudi kwa muke wangu Masika na batoto. Nikikatala, hapana jua kama narudi."

"Utaandika ulichokiona," nilikuambia.

"Yaya, serikali ya ile muhuri iko wapi?"

"Muhuri ni muhuri."

Ukatabasamu. "Mwalimu ni mwalimu tu."

Tuliandika pamoja. Nilikufutia maneno ya woga. Pale ulipoandika kwamba mbwa "anaonekana mgonjwa", nilikuandikisha kwamba ana kichaa, kwamba asipande ndege, kwamba mlinzi na watoto wachomwe sindano haraka. Kisha nikakupigia pasi shati, ukarudi Beni na karatasi. Sikujua kwamba Masika alikuwa amekwisha kukufungia mfuko wa nguo, mkimbilie kwa wajomba zake Lubero. Ulikuwa umekuja kuniaga, Kakule. Mimi nilidhani umekuja kuniomba shauri, nikakupa.

Mambo mengine niliyajua baadaye. Prince alikufa juma lilelile. Walisema umempa sumu ili karatasi yako iwe kweli, wakakufungia huko kwa waziri. Mlinzi alikufa akiwa amefungwa kamba kitandani. Hakuna aliyemchoma sindano. Watoto wa waziri walichomwa, nao ni wazima. Karatasi yetu iliwafaa hao tu.

Nilikwenda Beni mara tatu na chakula chako. Mara ya tatu askari wa langoni alinihurumia.

"Papa Mwalimu, Docteur hapana hapa."

"Yuko wapi?"

"Rudia ku Butembo, Papa. Usiulize tena."

Nyuma yake, uani kwa waziri, niliona kaburi dogo la simenti, limepakwa chokaa, limepandwa maua. Jina la Prince liliandikwa vizuri, bila kosa. Nilisimama nikalisoma kama mjinga, kisha nikarudi na chakula chako.

Huu ni mwaka wa nne. Wazee wa ukoo wametaka mara nyingi tuzike shina la mgomba badala yako, kama wanavyofanyiwa waliopotea. Kila mara nimekataa. Niliwaambia kwamba siwezi kuandika kifo ambacho sikukiona. Niliona fahari kusema hivyo, na katika fahari hiyo sikumtazama mke wako.

Jana alikuja. Hakuketi.

"Shemeji, niko hapana mujane, hapana bibi ya mutu. Batoto bananiuliza kama baombee baba yabo mu bazima ao mu bale balikufa. Sema moja."

Nilianza kumweleza habari ya ushahidi. Akanikata: "Ushahidi yako ndiyo ilinikamatia bwana yangu." Hakupaza sauti. Jioni niliwaambia wazee kwamba nimekubali.

Mbau hatuwezi kufika, barabara si ya kupita. Jumamosi tutauzika mgomba hapa nyuma ya nyumba yangu. Nitaufunga ile kengele ya baba, kwa maana sina kitu kingine kilicho chetu wawili. Padri anataka karatasi kwamba umekufa, kwa ajili ya kitabu cha parokia, na mimi, mkubwa wa familia, ndiye wa kuiandika.

Nilikukataza kusaini neno usilolijua kuwa kweli. Jumamosi nitasaini.

Lala, mdogo wangu, kama umelala.

Mimi yaya wako.