Ugonjwa wa Shangazi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mgongo unaniuma kama kawaida yetu watu wa pasi, lakini mashati ya wateja hayajui mgongo, basi nainuka.

Nakuandikia kwa sababu ya kuku. Usicheke. Yule mtetea mweusi wa mama, tuliyempa jina la Shangazi kwa kuwa huingia kila chumba kukagua na kutoka akilalamika, Jumatatu asubuhi nilimkuta amejikunyata kando ya karo la kufulia, macho nusu yamefumba, kilemba chake chekundu cha kichwani kimepauka. Jana yake alikuwa anakimbizana na panzi. Mama alimpakata, akaniambia nifanye kitu, maana huyu akifa yeye hana tena wa kuzungumza naye mchana. Maneno hayo yalinichoma, lakini ni kweli. Mimi mchana naongea na pasi.

Nikaacha nguo za watu. Nilimtenga kwenye boksi la sabuni, nikamtandikia gazeti, nikalisogeza karibu na meza ya pasi apate joto. Nikachungulia kinyesi, hakikuwa na damu. Nikampapasa tumbo kama yai limekwama, hakuna kitu. Nikafunua mabawa kutafuta utitiri, nikaambulia kuwashwa mimi. Jirani yetu fundi viatu, ambaye hujua kila kitu hasa asichokijua, alisema ni mdondo na tumchinje upesi kabla hajafa bure. Tangu hapo mama hamsalimii. Nilimnywesha maji ya uvuguvugu yenye sukari kwa kijiko, akanywa, kichwa kikamwanguka tena kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Jumanne nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo, mama mmoja wa makamo, mkali, mwenye mikono mikubwa. Alisema hana mdondo wala mafua, ila moyo wake unapiga polepole mno kwa kuku. Akakibonyeza kile kifuko cha chakula cha shingoni, akamwinamisha, akakanda taratibu mpaka kikatoka kibonge cha mkate kilicholowa. Alikichambua kwa kibano. Ndani mlikuwa na kidonge kilichoyeyuka nusu. Akaniuliza nani nyumbani ana presha.

Unajua mwenyewe mama asivyopenda vidonge, na kwamba mimi ndiye niliyebuni kumfichia ndani ya mkate laini. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza hata hakuona haya. Alisema kwa miezi minne alikuwa akivitupa chooni, ila Jumapili goti lilimuuma, akaona mlango wa nyuma ni karibu zaidi, na Shangazi alikuwa amesimama hapo hapo. Alisema dawa zile humlaza mchana kutwa, na yeye akilala mimi nabaki peke yangu na mlima wa nguo. Bora awe macho anisaidie kukunja.

Sasa dada, nisikilize bila kunikatisha. Kila Ijumaa ukinipigia simu unaniuliza kama nasimama mbele yake mpaka ameze, nami nakujibu ndiyo. Nilikuwa nakudanganya. Naweka sahani mezani, narudi kwenye pasi. Na yale niliyokusimulia, kwamba mama amechangamka, anacheka, anakunja mashati kuliko mimi, ni kwa sababu hakuwa anameza kitu.

Hilo si baya kuliko yote. Jumanne nilijua, na nikanyamaza. Jumatano lilikuja furushi la mashuka ya nyumba ya wageni. Niliweka kidonge kwenye sahani, nikampa kisogo makusudi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilihitaji mikono yake. Tulikunja pamoja mpaka jioni. Nilifurahi, dada. Alhamisi asubuhi shuka likamponyoka. Akaliokota, likamponyoka tena, akanitazama, mdomo umekwenda upande. Nilimkimbiza hospitali. Muuguzi alimpima presha mara mbili, kisha akaenda kumwita mwenzake.

Tumerudi nyumbani jana. Maneno yake yanasikika, ila mkono wa kushoto haushiki. Daktari anasema huenda ukarudi, hakusema lini. Dawa anameza, nikiwa nimesimama mbele yake, na muda mwingi analala. Shangazi amepona, anakula kama hajala mwaka mzima. Mama hajaniuliza nilijua lini. Nadhani anajua hilo pia.

Njoo, dada. Nigombeze kwanza kadiri utakavyo, kisha ukae. Peke yangu nimeshindwa, na nilipaswa kukwambia mapema, nilipokuwa nimechoka tu na sijawa mwongo.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Mama anakusalimu; amesema nikwambie hajambo.

Ni mimi mdogo wako,
Dobi