Baba Julieth Kabonyeza Nyekundu

Gongoni,
Tabora.
9 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Consolatha,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitamka. Marahaba mwanangu, marahaba sana. Hujambo huko Dar? Kazi zinakwenda? Kile kikohozi kimeisha? Usinywe maji ya barafu, nilishakukataza. Sisi huku wazima, ila joto na vumbi la mwezi huu, ukifagia asubuhi, mchana ni kama hukufagia. Magoti yananisumbua kidogo, lakini mdomo mzima kabisa, namshukuru Mungu.

Baba yako mkubwa, baba Julieth, hajambo. Bado ana ile tabia ya kuminya nyanya sokoni. Wenye meza wakimwona anakuja wanafunika na kanga. Juzi mmoja kamwambia, "Mzee Masolwa, kama huoi usipapase!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa mwanangu, sijatulia tangu Alhamisi. Hapa naandika, nasimama, nachungulia barabarani, narudi. Uji umeungua nanusa tu. Ni habari ya ndugu yako Julieth.

Si unajua Fikiri, mtoto wa mzee Ngollo wa Kwihara, ndiye anamtaka. Na wewe ndiye uliyewatengenezea ile kadi ya kwenye simu, ya kutuuliza wazazi kama tuko tayari kupokea barua ya posa. Zamani angekuja mshenga, angekaa, angekula, angezungusha maneno mpaka jioni. Vijana wakasema simu inatosha. Haya. Kadi ikaingia kwenye simu ya baba Julieth, ikaongea kwa sauti yako kabisa: ukikubali bonyeza duara la kijani, ukikataa bonyeza duara jekundu. Maneno ya kusoma hukuweka, nikasema Consolatha katukumbuka sisi tulioishia darasa la tatu. Baba Julieth akavaa miwani, akabonyeza, akaniambia tayari, wanakaribishwa. Nikaanza kutafuta mchele wa wageni.

Tukangoja. Kimya. Fikiri hapigi simu, Julieth hali. Mwanamkuu wa nyumba ya nyuma akaanza kusema eti kijana kapata mwingine. Nikamwambia akaangalie sufuria yake.

Uvumilivu ukanishinda. Mama wa binti hafuati wakwe, najua, lakini viazi vya Kwihara vinafuatwa na kila mtu, si ndiyo? Nikapanda bodaboda kwenda kununua viazi. Nikamkuta Recheli, mke wa Ngollo, anakata michembe, viazi vya kuanika. Kanisalimia vizuri lakini hakunipa kiti. Mwanangu, hakunipa kiti!

Nikamwambia, "Mama Fikiri, tumewakosea nini?"

Akasema, "Mmetukataa wenyewe, halafu mnafuata viazi?"

Akaniletea simu. Duara jekundu, limebonyezwa kabisa. Angekuwa mtani wetu, Ngollo angekuja mlangoni akatutukana, tukacheka, yakaisha. Lakini mkwe utamuulizaje kwa nini kamkataa mwanao? Kameza, kanyamaza.

Nikarudi nawaka. Baba Julieth akaapa kabonyeza kijani. Nikafungua kadi, nikamwambia nionyeshe kijani ni ipi. Akaangalia weee, akaweka kidole kwenye nyekundu. Nikachukua nyanya, moja mbivu moja mbichi, nikaziweka mezani. Akanyoosha mkono aziminye. "Usishike! Sema kwa macho." Akaurudisha mkono, mwanangu. Halafu akasema taratibu, "Mama Julieth, si zote rangi moja?"

Kumbe! Watu wanamwita bahili wa nyanya, kumbe mkono ndio unamwambia iliyoiva. Nesi mmoja wa hospitali ya Kitete ninayesali naye kaniambia wanaume wa hivyo wapo wengi, wanazaliwa hivyo, wanaona vizuri tu, ila nyekundu na kijani kwao zinafanana. Hakurogwa, wala hakuna dawa ya kumnywesha. Na wewe usianze kulia huko. Ulitukumbuka sisi tusiosoma, hukujua kama yupo na huyu.

Shida ni mzee Ngollo. Recheli nimemweleza, kaelewa. Mumewe anasema mtu mzima asiijue nyekundu, hicho ni kisingizio. Kakataliwa kwa simu, basi akubaliwe kwa simu hiyo hiyo, na baba wa binti mwenyewe. Na Jumapili anakwenda Nzega kwa nduguze, na huko kuna binti anasifiwa mno, hilo Recheli kaninong'oneza. Nikamwambia baba Julieth nimbonyezee mimi. Kakataa katakata. "Binti ni wangu. Na mimi si kipofu wa kushikwa kidole." Chai hakunywa.

Kwa hiyo mwanangu, itengeneze upya kabla ya Jumapili, nakuomba. Kukubali weka kigoda cha mgeni. Kukataa weka mlango uliofungwa. Rangi weka uzipendazo, hata zambarau, lakini picha ieleweke hata rangi zikifutika. Kigoda juu, mlango chini, viachane, maana vidole vyetu vinene. Kadi za harusi zitakwenda kwa wazee wengi, nani ajuaye mwingine anayeminya nyanya?

Haya siyasemi kwenye simu, baba yako mkubwa kakaa hapa ukumbini na masikio kama ya sungura. Barua nampa shemeji yako Adriano, anapanda basi la Dar, atakufikishia mkononi pamoja na karatasi niliyochora kwa mkaa. Mlango wangu usiucheke, najua umepinda.

Msalimie mdogo wangu, mama yako, mwambie michembe yake nimeifunga humo humo kwenye mzigo wa Adriano. Msalimie na Esperansi unayekaa naye. Julieth anakusalimia, macho yamevimba. Mungu akulinde, na kila utakachokigusa kikuitikie.

Nilitaka kufunga hapa. Karatasi ya mchoro nilikuwa nimeianika mezani, baba Julieth akaja, sikumwambia kitu. Akaitazama. Hakuuliza. Akaweka dole gumba juu ya kigoda, akakiminya kama anavyominya nyanya. Ndilo hilo doa utakaloliona. Hilo ndilo jibu la baba wa binti kwa Kwihara, lifikishe.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
Mama yako mkubwa,
Pelagia