Gari Inamkataa Mama Yangu

Mpendwa Mama Verdiana, shikamoo. Naomba unisaidie kabla familia yangu haijagawanyika kwa sababu ya taa, na tafadhali usicheke, au cheka kidogo halafu unijibu, maana hapa Kemambo wameshacheka vya kutosha.

Mume wangu anaitwa Wangwe, ni mwanaume mpole, mkulima na mfugaji, na mwaka jana alinunua gari ndogo iliyokwisha tumika, na kazi ya kwanza aliyoipa hiyo gari ni kumpeleka mama yangu mzazi kanisani kila Jumapili, jambo lililonifanya nimpende upya, kwa sababu mama ana goti bovu na parokia iko mbali. Sasa unajua mila zetu Wakurya, mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani, hawakai karibu, hata kuangaliana usoni ni kazi, kwa hiyo mama alikuwa anakaa kiti cha nyuma, mimi mbele, na wakitaka kuambiana jambo wanapitia kwangu. Wangwe anasema, "Veronika, mwambie mama afunge mkanda," na mama, ambaye amesikia vizuri kabisa, anasubiri nimwambie, halafu anasema, "Mwambie nimeshafunga." Basi tulikwenda hivyo tangu mwaka unaanza mpaka Mei, tunaimba njia nzima, na gari haikuwahi hata kukohoa.

Ikaingia Juni na baridi yake. Goti la mama likakaza, kiti cha nyuma halikunjiki, ikabidi akae mbele na mimi nikahamia nyuma na mtoto, na Wangwe akajibana kwenye mlango wake utadhani anataka kutokea dirishani. Jumapili hiyo hiyo ya kwanza, tumeondoka alfajiri, ukungu umejaa barabarani, hatujafika mbali ile taa ya njano yenye picha ya injini ikaanza kupepesa na gari ikawa inatetemeka mwili mzima. Wangwe akasema, "Mwambie mama asiogope." Mama akasema, "Mwambie mimi siogopi, aogope yeye anayeendesha." Tukafika hivyo hivyo, mama akashuka, na kwa kuwa yeye hubaki na wanakwaya na kurudishwa na gari ya parokia, sisi tulirudi wenyewe baada ya misa. Mama Verdiana, taa haipo! Gari imetulia kama si yenyewe. Jumapili ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Na katikati ya wiki Wangwe anaipeleka mnadani asubuhi mapema, kwenye baridi ile ile, haisumbui. Tukaipeleka kwa fundi siku ya Jumatatu, akaiwasha, akaisikiliza, akatucheka, akachomoa waya wa betri akaurudisha, akasema gari nzima. Jumapili ikapepesa.

Shangazi yake Wangwe, Shangazi Mogesi, ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Mkwe hakai ubavuni kwa mkwe. Hata chuma kimeona aibu." Maneno yakatembea mpaka kwenye kwaya, na mama akayasikia, na sasa amesema hapandi tena gari inayomkataa. Na Jumapili ya kwanza ya Agosti tunambatiza mwanetu wa kike, na tumempa jina la mama, Boke, na tangu siku alipozaliwa mama anasema ni yeye atakayembeba mpaka mbele ya padri. Sasa anasema atamwombea akiwa nyumbani. Nimelia, sikufichi.

Wangwe naye anaumia kuliko mimi. Yeye kila Jumamosi jioni anaiosha hiyo gari kwa sababu anasema mama mkwe habebwi na gari chafu, na haoshi nje tu kama watu wengine, anafungua boneti, anapiga maji ya mpira, anasugua injini kwa mswaki wa zamani mpaka inang'aa kuliko sufuria zangu, na Jumamosi iliyopita aliiosha mara mbili akisema labda haikutakata, na bado ikapepesa tena vibaya zaidi, ingawa mama mwenyewe safari hiyo tulimbembeleza kama mtoto ndipo akapanda, na akashuka amekasirika. Sasa Wangwe anataka kuiuza. Jirani anasema tuzibe taa kwa utepe mweusi. Shangazi anataka yaitishwe mazungumzo ya ukoo. Je, tuiuze, tuzibe, au nimrudishe mama nyuma kwa nguvu na goti lake? Nisaidie, Agosti inakuja.

Ni mimi Veronika, Kemambo.

*

Veronika, marahaba. Uliniruhusu kucheka kidogo, nimezidisha, nisamehe.

Pole kwa machozi. Lakini wewe mwanamke, jibu umeliandika mwenyewe, kwa mkono wako, halafu ukalipita kama jiwe la njiani! Kabla sijakalia kiti hiki cha ushauri niliendesha pikapu ya ndizi kutoka Tarime kwenda Musoma kwa miaka, kwa hiyo nisikilize vizuri. Gari haijamkataa mama yako. Gari inaogeshwa jioni ya baridi na kulazwa mbichi.

Maji ya Wangwe yanaingia kwenye mashimo ya plagi na kwenye koili, pale umeme wa kuwashia mafuta unapopita. Februari usiku una joto, yanakauka, asubuhi hakuna neno. Juni na Julai huko kwenu hakuna kinachokauka usiku, hata nguo za mtoto unazijua mwenyewe. Alfajiri mnawasha, umeme unapotelea kwenye maji, plagi moja haichomi, injini inamisi, mwili unatetemeka, na taa inapepesa kuwaambia. Mkifika kanisani injini imeshachemka na kujikausha. Misa inaisha, mnawasha gari kavu. Kwenye gari nyingine taa ingebaki inawaka siku kadhaa, yenu imewahi kuzima, ndiyo maana fundi wa Jumatatu hakuona kitu. Na asubuhi ya mnada haisumbui kwa sababu hakuna anayeiosha injini kwa ajili ya ng'ombe.

Mama kuhamia mbele na baridi kuingia vimetokea pamoja, basi. Mama akabebeshwa lawama ya maji.

Kwa hiyo hamuuzi gari. Utepe mweusi nisiusikie! Taa ile ikipepesa na gari inatetemeka, usiikanyage, simama pembeni, maana mafuta yasiyoungua yanakwenda kuharibu huko kwenye ekzosi. Ikiwaka tu bila kupepesa na gari inakwenda vizuri, nenda taratibu mpaka kwa fundi. Na fundi awe mwenye mashine ya kuisoma gari, siyo wa kuchomoa waya wa betri, huyo alifuta maneno ya gari kabla hajayasoma. Wiki hii hii mpelekeeni, achomoe plagi na koili, akaushe, atazame mipira yake kama imepasuka, na kilichochoka kibadilishwe. Sipimi gari kwa barua. Kama mashine itasema lingine, msikilizeni fundi, msinisikilize mimi.

Jumamosi, Wangwe aoshe nje na ndani, ang'arishe hata matairi akitaka, lakini boneti ibaki imefungwa. Akishindwa kujizuia, apanguse injini kwa kitambaa kikavu, mchana, jua likiwa juu.

Kuhusu Shangazi Mogesi, nilitamani sana kukwambia mwoshe injini Jumatano jioni, halafu Alhamisi alfajiri mumpakie yeye kiti cha mbele, tuone hicho chuma kitamwonea aibu nani. Usifanye, gari haina kosa. Mpe salamu zangu, umweleze mambo ya plagi mbele ya hao hao aliowaambia mambo ya aibu. Mila ya mkwe ni heshima na mimi siichezei. Lakini heshima haimkunji mama goti linalouma, na mama atakaa mbele.

Sasa lililonikera. Nyinyi watatu mnapanda gari moja kila Jumapili, na maneno yote ya hawa wawili yanapita mdomoni mwako. Umefikisha mkanda, umefikisha usiogope, na hata maneno ya Shangazi yalimfikia mama kupitia kwaya bila wewe kuyazuia. Moja tu hukulifikisha, na ndilo kubwa. Mama yako anajua kuna taa. Je, anajua kuna mswaki? Anajua kwamba kila Jumamosi jioni, kwenye baridi hiyo, mwanaume asiyethubutu kumtazama usoni anainama kwenye boneti na kusugua chuma ambacho mama hatakiona kamwe, ili tu abebwe na kitu safi? Shida yote hii ilitoka hapo.

Leo usiende sokoni wala shambani. Nenda kwa mama, umchukue na Boke mdogo, keti, mweleze kuhusu mswaki. Nakuhakikishia atakwambia, "Mwambie anifuate mapema."

Na safari hii ufikishe.