Milango ya gudi ndani ya karai

Ijumaa, Woodley

Na hatimaye halivuji! Gudi langu la mbao, mfano wa magudi ya zamani ambamo meli zilitengenezwa pakavu, mara ya kwanza nililitia ndani ya karai la maji. Maji yakaisukuma milango ikafunguka, na meli iliyopaswa kukaa pakavu ikaelea.

"Baba Njeri," mke wangu akauliza, "unafungulia maji kama ni wageni?"

Kweli. Milango niliiunda kama geti letu la nyumbani, ifunguke kwa ndani. Nikaigeuza, pembe inayofanyika milango miwili ikikutana ikatazama maji. Sasa yakisukuma yanaibana zaidi, na ngazi za kando ndani ya gudi, yanapoegemezwa magogo ya kuishikilia meli, zimebaki kavu.

Kesho nalionyesha kwenye maktaba, na nimeshajisifu kwa kanisa zima kwamba nimeliunda peke yangu. Mama Njeri ameapa kuketi mbele. Afadhali nimtangaze kuwa fundi mwenzangu, kabla yeye hajanitangaza mimi.